Rejareja ya Beyoğlu

Wafanyabiashara wa nguo wa Kariakoo wanaijua Istanbul kwa majina mawili, Laleli na Merter. Wanalala Laleli, wanakula Laleli, wananunua hapo hapo au wanapanda gari kwenda kwenye maduka ya jumla ya Merter, na mzigo ukishafungashwa wanamkabidhi mtu wa kago na kurudi nyumbani. Dada yangu ana fremu ya nguo za watoto Mtaa wa Kongo, na Istanbul yake kwa miaka yote imekuwa hiyo. Muulize Hagia Sophia ikoje ndani, hajui. Muulize dazeni ya magauni ya mtoto wa miaka minne inauzwaje, atakutajia kwa dola na kwa lira, halafu atakutajia ya msimu uliopita na kulalamika.

Safari hii nilifuatana naye, nami sikuwa na cha kununua. Mzigo ukiwa unasubiri kupimwa kilo, nikamwomba tukatembee Mtaa wa İstiklal, kule Beyoğlu.

"Kuna nini huko?"

"Maduka, dada."

"Ya jumla?"

"Rejareja."

Alinitazama kwa huruma. "Yaani tuiache jumla tuifuate rejareja. Haya, mdogo wangu, wewe ndiye uliyesoma."

Tramu ya kutoka Laleli inashuka hadi Eminönü, inavuka daraja la Galata katikati ya wavuvi waliojipanga na mishipi yao, na kukushusha Karaköy. Kuanzia hapo ni mlima, na mlima huo una dawa yake iitwayo Tünel: treni fupi inayovutwa kwa kamba ya chuma chini ya ardhi. Ilifunguliwa Januari 1875, kazi ya mhandisi Mfaransa Eugène-Henri Gavand, na katika reli za mijini zinazopita chini ya ardhi ni ya pili kwa ukongwe duniani baada ya ile ya London ya 1863. Safari nzima haifiki hata dakika mbili. Zamani ilivutwa kwa mvuke, na kulikuwa na behewa la mizigo na wanyama. Dada hakujali habari za mvuke, ila behewa la mizigo lilimgusa. Kwake mji uliokumbuka mizigo tangu 1875 ulikuwa mji wenye akili.

Ukitoka juu, kabla hujaingia İstiklal yenyewe, kuna kichochoro kiitwacho Galip Dede kinachoteremka kuelekea mnara wa Galata. Kinapita mlangoni mwa zawiya ya masufi wa Mevlevi iliyoanzishwa 1491, na pande zote mbili maduka yanauza ala za muziki. Hapa nilisimama. Udi zimetundikwa kwa safu kutoka darini, na kwenye meza imelala kanuni, kanuni ile ile inayolia kwenye taarabu za Unguja. Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa Zanzibar 1905, kilijenga muziki wake kwa ala za namna hii, ingawa njia waliyoifuata ilipita zaidi Misri kuliko hapa. Muuzaji alipiga nyuzi chache bila kuombwa. Dada, ambaye nyumbani haruki hata harusi moja, akaanza kutikisa bega. Halafu akauliza bei, akaambiwa, bega likatulia.

Mtaa wa İstiklal una urefu wa kama kilomita moja na nusu, kutoka Tünel hadi uwanja wa Taksim, na magari hayaruhusiwi. Kuna tramu moja nyekundu ya kizamani inayopita katikati ikigonga kengele, watu wakiipisha bila haraka. Tramu za upande huu wa mji zilikomeshwa mwaka 1961, na hii ikarudishwa mwisho wa 1990, mtaa ulipoachwa kwa waenda kwa miguu. Enzi za Dola ya Uthmaniya palikuwa panaitwa Cadde-i Kebir, Njia Kuu, na wageni wa Ulaya waliojaa hapa wakapaita kwa Kifaransa Grande Rue de Péra. Jina la leo, lenye maana ya uhuru, lilikuja baada ya Jamhuri kutangazwa 1923.

"Basi sijatoka Dar," dada akasema. "Mtaa wa Uhuru naupita kila asubuhi."

Hatua chache tu nikaona nimempata. Upande wa kulia lilitokea jumba jembamba lenye maua na nyuso za kuchongwa kwenye mawe, Casa Botter. Jan Botter alikuwa Mholanzi, mshonaji wa Sultan Abdülhamid II, na mwanzoni mwa karne ya 20 alijengewa jumba hili na Mwitaliano Raimondo D'Aronco, chini pawe pa kushonea na kuuzia, juu aishi na familia yake. Lilichakaa kwa miaka mingi, manispaa ikalikarabati, na mwaka 2023 likafunguliwa upya kuwa nyumba ya sanaa. Dada alirudi nyuma hadi kwenye reli ya tramu ili alione lote. Alisema kitu ambacho hakikunitoka kichwani siku nzima: chini ni fremu, juu ni kitanda, hiyo ni Kariakoo ya zamani kabisa, kabla ya maghorofa.

Tangu hapo akawa hatazami vioo vya maduka. Anatazama juu. Na kweli, İstiklal ukiutazama usawa wa macho ni mtaa wa kawaida wa miji mikubwa: viatu vya michezo, simu, manukato, kampuni zile zile zilizoko kila mahali. Ukiinua macho juu ya mabango ndipo unaona balkoni za chuma, sanamu za wanawake zilizosimama badala ya nguzo, mwaka wa ujenzi uliochongwa kwa tarakimu, na majina ya watu ambao si Waturuki. Mengi ya majengo haya yalikuja baada ya moto wa Juni 1870 ulioteketeza maelfu ya nyumba za eneo hili la Pera, nyingi zikiwa za mbao. Waliojenga upya walijenga kwa mawe. Dada hakuhitaji kuelezwa zaidi kuhusu moto. Julai 2021 soko la Kariakoo lilipowaka, alikesha na wenzake wakitazama moshi, ingawa fremu yake ilisalimika.

"Na hawa wenye majina wako wapi?" akauliza.

Niliahirisha kujibu, kwa sababu tulikuwa tumefika kwa muuza aiskrimu. Hawa jamaa wa aiskrimu ya Maraş, ile nzito inayovutika kwa kutiwa unga wa mizizi ya okidi, wana mchezo wao: anakupa koni kwenye ncha ya fimbo ndefu, ukiishika anaipokonya, anakuachia koni tupu, anaipindua, anaipitisha puani mwako, umati unacheka. Dada alivumilia kidogo. Kisha akatoa noti, akamnyooshea muuzaji, naye alipoishika akaivuta. Akamnyooshea tena, akaivuta tena, safari hii akiipitisha chini ya pua yake. Umati ulicheka kuliko mwanzo, na muuzaji akaweka mkono kifuani na kumwita abla, yaani dada mkubwa, kama wanavyowaita wanawake wanaowaheshimu. Koni ilikuja kwa adabu zote.

Tulikunywa chai kwenye uchochoro wa Hazzopulo, kwenye vigoda vifupi, gilasi ndogo zenye kiuno. Hapo ndipo nikamjibu. Wenye majina walikuwa Wagiriki, Waarmenia, Wayahudi, na watu wa kutoka bandari zote za Mediterania. Novemba 1942 serikali ilipitisha kodi ya mali ambayo kwa maandishi ilikuwa ya kila mtu, lakini wasio Waislamu walikadiriwa mara nyingi zaidi ya wenzao. Aliyeshindwa kulipa mali yake ilinadiwa, na baadhi ya wanaume walipelekwa kufanya kazi za sulubu huko Aşkale. Ilifutwa Machi 1944, wengi wakiwa wameshauza. Kisha usiku wa tarehe 6 Septemba 1955, baada ya habari zilizotiwa chumvi kuhusu bomu kwenye nyumba aliyozaliwa Atatürk kule Thessaloniki, makundi ya watu yaliuvamia mtaa huu na kuvunja maduka ya Wagiriki moja baada ya jingine. Picha za baadaye zinaonyesha barabara haionekani kwa vitambaa: majora yamekunjuliwa, yamekanyagwa, mashine za kushonea na majokofu vimetupwa kutoka ghorofani.

Dada hakuuliza waliokufa ni wangapi. Aliuliza vitambaa. Vilikuwa vya aina gani, vilikuwa vimeshalipiwa au ni mali kauli, na mwenye duka alimlipa nani siku ya pili. Mwanzoni nilidhani ni ugumu wa moyo. Nikakumbuka kwamba yeye hupewa mali kauli na Waturuki wa Laleli na hulipa akishauza. Mtu akimchomea jora moja Kariakoo, deni linabaki hai huku. Maswali yake yalikuwa sahihi kuliko ya kwangu, na sikuwa na majibu.

Baada ya Hazzopulo mtaa unafunguka kidogo mbele ya geti la shule ya Galatasaray. Shule hii inahesabu umri wake tangu 1481, na wanafunzi wake wakiongozwa na Ali Sami Yen ndio walioanzisha klabu ya mpira mwaka 1905. Kwenye duka la jezi kijana alituuliza tunatoka wapi. "Tanzania." Uso ukamng'aa: "Samatta!" Kisha ukaporomoka, maana Mbwana Samatta alikuja Uturuki mwaka 2020 kuichezea Fenerbahçe, mahasimu. Tukacheka wote watatu. Jezi ya Galatasaray ni njano na nyekundu, na hapo ndipo biashara ilipokufa, kwa sababu nyumba ya dada ni Yanga kuanzia mlangoni hadi uani. Njano ilimvutia. Nyekundu angeielezaje?

Ng'ambo ya geti la shule kuna Çiçek Pasajı, jengo lililofunguliwa 1876 mahali palipoungua jumba la tamthilia la Naum katika ule moto. Jina la njia ya maua lilishika baadaye, baada ya wauza maua kuhamia humo, wakiwemo wanawake wa Kirusi walioyakimbia mapinduzi ya 1917. Leo ni migahawa ya samaki na pombe, wahudumu wanakuvuta mkono. Hatukukaa. Soko la samaki la pembeni lilitufaa zaidi: kome waliojazwa wali wenye viungo, unakamulia limau, unakula umesimama, muuzaji anahesabu makombe matupu ili ajue unadaiwa kiasi gani. Dada aliukubali mfumo huo wa hesabu mara moja.

Ukiacha lile la jezi, duka pekee la nguo tuliloingia lilikuwa la watoto, kubwa, lenye muziki na ubaridi. Alichukua gauni, akaligeuza nje ndani, akatazama mshono, akavuta uzi wa pindo, akakuna kifungo kwa ukucha. Msichana wa duka akasogea kwa wasiwasi. "Hili nimelifunga jana," dada akaniambia kwa Kiswahili, taratibu, akimtabasamia yule msichana. "Kitambaa hiki hiki. Lebo tu ndiyo imebadilika." Juu ya kibandiko cha bei kulikuwa na kibandiko kingine, na chini yake kingine, lira imeshuka thamani kiasi kwamba maduka hayana muda wa kubandua. Alivibandua kona kwa kidole, akavisoma vyote kama mtu anayesoma historia ya mgonjwa, akalirudisha gauni kwenye henga likiwa limenyooka kuliko alivyolikuta.

Mbele kidogo nikamwonyesha mahali lilipokuwa duka la keki la İnci tangu 1944, maarufu kwa profiteroli. Liliondolewa Desemba 2012, likahamia kichochoro cha jirani, na sinema ya Emek iliyokuwa kwenye majengo hayo hayo ikabomolewa 2013 licha ya maandamano. Sasa hapo ni jumba la maduka. "Kodi ilipanda?" Nikasema mwenye jengo alikuwa na mipango mingine. "Wenye majengo huwa na mipango mingine," akasema dada, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliongea kwa uchungu. Kariakoo nako wanabomoa wanajenga ghorofa; anayetaka kurudi analipa kilemba upya.

Miguu ilianza kumuuma, na İstiklal hauna pa kukaa. Mabenchi na masanduku ya maua yaliondolewa baada ya bomu la Novemba 2022 lililoua watu sita hapa mtaani. Tukaingia Hüseyin Ağa, msikiti wa karne ya 16 uliobanwa katikati ya maduka. Tulipanda sehemu ya wanawake, tukasali, kisha dada akanyoosha miguu kwenye zulia na kubaki hapo muda mrefu kuliko sala ilivyodai. Hakuna aliyetusumbua.

Kituo cha mwisho kilikuwa Hacı Bekir, nyumba ya peremende inayotengeneza lokum tangu 1777. Lokum ni sukari na wanga, laini kama halua lakini haina samli. Muuzaji alituonjesha ya waridi, ya pistachio, ya mastiki. Dada akauliza akichukua kilo tano atapunguziwa? Bei ni moja, akaambiwa. Kumi? Bei ni moja, abla. Alichukua mbili, na yule mzee akamwongezea vipande juu ya mzani. Dada akatoka amenuna kwa heshima ya taratibu za biashara, huku anatafuna.

Taksim ulikuwa umejaa: watu wakipiga picha kwenye mnara wa Jamhuri wa 1928, wengine kwenye ngazi za msikiti mpya uliofunguliwa 2021. Nikatafuta kituo cha treni ya kuturudisha.

"Unakwenda wapi?" dada akauliza. "Huku tumesoma majina ya upande mmoja tu."

"Na miguu?"

"Miguu nitaichua Laleli."

Alikuwa ameshageuka, na mfuko wa lokum ameuhamishia mkono wa kushoto ili wa kulia ubaki wa kushikia vitambaa.