Ukifika Shinyanga, Shuka

Abiria wengi wa basi la Mwanza wanaijua Shinyanga kwa dirishani tu. Wanaipita jua likiwa kali, wakishaziacha Nzega na Tinde, wakiona tambarare isiyo na kikomo, majaruba makavu, ng'ombe waliokonda na vumbi linaloufuata mkokoteni. Wakifika Mwanza wakaliona ziwa na mawe yake, ndipo wanapotoa simu kupiga picha. Mimi nasema pa kupigwa picha wamekwisha kupapita. Katika tambarare ile wakulima na wafugaji wa kawaida, bila sare na wengi wao bila mshahara, wamerudisha mapori yaliyokuwa yamekwisha, na sijui kazi nyingi za mikono ya wananchi katika nchi hii zinazoifikia hiyo.

Ili kuiona, lazima uache lami. Njoo masika yakielekea ukingoni, mwezi wa nne au wa tano, uchukue bodaboda ikuingize vijijini. Njia inapita kati ya miji yenye ua wa minyaa na mikwaju mikubwa, watoto wanatoka kukupungia, na ukimsalimu mzee kwa "Ng'wadila, baba" ataacha alichokuwa akifanya akuitikie sawasawa, akuulize utokako, ndipo akuruhusu kuendelea. Halafu, kushoto kwako ni pamba na mpunga kama kawaida, lakini kulia majani yanafika kiunoni na juu ya majani imesimama migunga yenye vivuli vipana. Hakuna seng'enge. Hakuna bango. Ng'ombe wanachungwa umbali wa kutupa jiwe, lakini ndani ya majani yale hakuna hata mmoja. Hiyo ndiyo ngitili.

Inama utazame kisiki kimojawapo. Kilikatwa zamani, pengine kabla kijana wa bodaboda aliyekuleta hajazaliwa. Katikati kimeoza na mchwa wameshajenga humo, lakini pembeni kimetoa machipukizi matano sita, na moja kati ya hayo limekuwa mti kamili ambao watu watatu wanaweza kukaa chini yake wakala michembe. Mti huo haukupandwa na mtu. Mizizi ilikuwa hai ardhini miaka yote ile, na kila chipukizi lilipotokeza liliishia kinywani mwa mbuzi. Kilichohitajika ni watu kukubaliana kwamba mbuzi wasipite hapo.

Makubaliano hayo ni ya kale. Tangu enzi za mababu, Msukuma mwenye mifugo alitenga kipande cha majani, akakifunga mvua zinapoanza, mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili, na kukifungua kiangazi kinapobana, mwezi wa saba au wa nane. Hata hapo hakifunguliwi chote kwa mkupuo. Inaliwa sehemu moja hadi iishe, ndipo waingie nyingine, na wanaotangulizwa ni ndama na maksai wa kulimia, maana bila maksai wenye nguvu msimu ujao hakuna jembe litakaloingia shambani. Zipo ngitili za mtu na familia yake, na zipo za kijiji kizima.

Jinsi zilivyopotea ni habari ndefu, na si haki kuwatupia lawama wafugaji peke yao. Shinyanga ya miaka ya 1920 ilikuwa na mapori na mbung'o. Serikali ya kikoloni iliweka makao ya utafiti wa mbung'o pale Old Shinyanga chini ya Charles Swynnerton, bwana ambaye jina lake limebaki kwenye aina mojawapo ya wadudu hao hadi leo, na dawa kuu waliyoijua ilikuwa kufyeka na kuchoma pori ili mbung'o akose kivuli. Watu wakahimizwa kufyeka, wakafyeka maelfu kwa maelfu ya ekari. Baada ya hapo ikaja pamba, ikahitaji mashamba mapya. Idadi ya ng'ombe ikapanda. Miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji: watu wakahamishwa kutoka maeneo yao ya asili kwenda kukaa pamoja, na ngitili zilizoachwa nyuma zikakosa mwenyewe. Mali isiyo na mwenyewe huliwa. Kufikia miaka ya 1980, akina mama walikuwa wakipikia kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba, na mkoa ulikuwa umeanza kuitwa jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana na kila mtu kwa jina la HASHI, ukasaidiwa baadaye na Norway na watafiti wa kilimo mseto. Mwanzoni maofisa walifanya kile ambacho maofisa hufanya: walianzisha vitalu, wakagawa miche ya miti ya kigeni. Miche mingi ikafa kwa kiu. Sifa ninayowapa wataalamu wale, na ninaitoa kwa moyo wote, ni kwamba walikubali kusikiliza. Wazee waliwaonyesha ngitili, nao wakaelewa kwamba dawa ya nchi ile ilikuwepo tayari, ikiwa na jina lake na sheria zake. Kazi ya mradi ikawa kuwatia watu moyo wafunge maeneo yao upya.

Walinzi walikuwa wananchi wenyewe. Sheria zilipitishwa kwenye dagashida, mkutano wa jadi ambao hukumu yake inaogopwa kuliko barua ya mahakama, na wakamataji walikuwa sungusungu, jeshi la jadi lililozaliwa huku huku upande wa Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe. Ukiingiza mifugo ngitilini kabla ya wakati unatozwa faini. Ukigoma kulipa unatengwa: huazimwi maksai, huitwi kwenye sherehe, na msiba ukikupata unachimba kaburi na ndugu zako tu. Mtu wa mjini anaweza kuiona adhabu hiyo ni kali mno. Lakini ndiyo iliyoirudisha miti.

Matokeo yake yamehesabiwa. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa kwenye rekodi zilikuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000 katika vijiji 833. Utafiti uliochapishwa na Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na shirika la IUCN ulikuta humo aina 152 za miti, vichaka na mitambaazi, na aina 145 za ndege. Ulipiga pia hesabu ya kile kinachoingia nyumbani kutoka ngitilini, yaani kuni, nguzo, majani ya mifugo, nyasi za kuezekea, dawa, asali, uyoga na mboga, ukapata wastani wa dola 14 kwa mtu mmoja kwa mwezi, wakati matumizi ya Mtanzania wa kijijini siku hizo yalikuwa dola 8 na nusu. Mwanamke aliyekuwa akitoka alfajiri kutafuta kuni na kurudi jua likiwa kichwani, sasa anazipata nyuma ya nyumba.

Maji nayo yamepata nafuu. Mito ya Shinyanga si mito ya mwaka mzima. Manonga, unaopita kusini na kupeleka maji yake mbuga ya Wembere hadi Ziwa Kitangiri, unafurika kwa kishindo kisha unabaki mchanga ambao watoto wanaufukua kupata maji ya kunywa. Kwenye vijito vya baridi vya Kilimanjaro, wakoloni waliweka samaki wa Ulaya aitwaye trauti ili wapate kuvua kwa starehe siku za mapumziko. Huku trauti asingemaliza wiki. Samaki wa Shinyanga ni kambale anayepanda majarubani maji yanapofurika, na kamongo, ambaye kiangazi kikifika anajizika kwenye tope, anajifunika utando wake, anavuta hewa polepole na kungoja mvua. Wapo pia sato na perege waliopandikizwa kwenye malambo, na hapa ndipo miti na samaki wanapokutana. Lambo lisilo na majani kwenye mteremko wake linajaa udongo baada ya masika machache, kina kinapungua, maji yanapata joto na kukauka, na vifaranga wote wanakufa. Wananchi wa Wigelekelo, wilayani Maswa, ambayo sasa iko mkoa wa Simiyu, walilielewa jambo hilo mapema, wakatenga ngitili kulikinga bwawa lao.

Yuko samaki mmoja ambaye angestahili kuheshimiwa zaidi kwenye malambo haya, naye ni ngege. Alikuwa ndiye mlo wa Ziwa Victoria kabla sangara na sato hawajaletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960. Leo humpati ziwani kwa urahisi. Amesalia zaidi kwenye maziwa madogo na mabwawa ya pembeni. Bwawa la kijiji linaweza kuwa kimbilio la samaki aliyefukuzwa na ziwa zima. Natamani halmashauri zetu zilione hilo kabla hazijaagiza vifaranga wengine wa sato.

Kutoka Shinyanga nilielekea Kahama, mji wa mchele na biashara usiolala, halafu nikashika njia ya Kakola kwenda Geita. Nchi inabadilika taratibu. Tambarare inaanza kukunjamana, udongo mweusi wa mbuga unageuka mwekundu, vilima vinajitokeza, na kando ya barabara wanakaa akina mama na mafungu ya mananasi ambayo, nikipimiwa na ya pwani, nitachagua haya. Geita ni nchi nzuri kwa macho kuliko Shinyanga. Lazima niseme ukweli. Ina mvua, ina kijani, ina ziwa. Ina dhahabu pia, ambayo Wajerumani waliigundua tangu mwisho wa karne ya 19, na ambayo tangu mwaka 2000 inachimbwa na mgodi mkubwa wa GGM, huku wachimbaji wadogo wakihangaika na maduara yao, yaani mashimo ya kuchimbia, Rwamgasa, Nyarugusu na kwingineko.

Simama kwenye duara moja uangalie chini. Kuta zote zimeshikiliwa na matimba, magogo yaliyopangwa moja juu ya jingine kama ngazi hadi gizani, na mchimbaji anashuka akiyakanyaga hayo hayo. Bila matimba duara linafukia watu. Kila mita ya kina inakula miti, na miti hiyo imetoka kwenye misitu inayolizunguka eneo lenyewe. Pembeni, karasha zinasaga mawe kutwa, mchanga unaoshwa, na zebaki inamiminwa kuikamata dhahabu, halafu inachomwa hewani. Mabaki yanaingia vijitoni, na vijito vinateremka ziwani kwa samaki. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kuibana zebaki mwaka 2020, lakini mkataba peke yake haumfundishi mchimbaji wa Nyarugusu njia nyingine ya kupata riziki, na sioni haki ya kumlaumu anayeshuka mita nyingi ardhini ili mtoto wake asome. Ninachoona ni kwamba mahali panapohitaji matimba mengi kiasi hiki ndipo panapohitaji ngitili zaidi. Jirani zao wa Shinyanga wanajua namna ya kuifunga. Wengi wa wachimbaji ni Wasukuma wenyewe. Hawahitaji kufundishwa na mgeni.

Ukipata nafasi, endelea hadi Chato uvuke kwenda Kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977. Huko nako asili ilisaidiwa kwa mkono wa binadamu, ila kwa namna nyingine kabisa. Kati ya 1966 na 1969, mtaalamu wa wanyama Bernhard Grzimek wa Frankfurt alileta sokwe 17 waliokuwa wamefungwa Ulaya kwenye mabustani ya wanyama na sarakasi, akawafungulia kisiwani. Sokwe wale walijifunza upya kutafuta chakula na kujenga viota, wakazaa, na wajukuu wao wapo porini hadi leo. Twiga na tembo nao waliletwa kwa vyombo vya majini. Maji yanayokizunguka kisiwa yanalindwa, na sangara na sato wanazaliana humo kwa usalama.

Rubondo ni pazuri mno, na nampa heshima kila askari anayepalinda. Hata hivyo, kati ya kazi hizo mbili, ya Shinyanga naiweka juu. Kisiwa kinalindwa na maji pande zote, na hakuna mwenye shamba ndani yake. Ngitili iko katikati ya watu wenye njaa, wenye ng'ombe, wenye watoto wanaotaka kiwanja, na inalindwa na hao hao. Ndiyo maana iko hatarini pia: baadhi zimegawanywa kwa urithi hadi zikawa vipande visivyotosha ndama wawili, nyingine zimegeuzwa mkaa au mashamba. Kijiji kilichoshikilia yake hadi leo kinaishikilia kila msimu upya.

Kwa hiyo safari ijayo ya Mwanza, kata tiketi ya kuishia Shinyanga. Lala mjini, asubuhi uliza kijiji chenye ngitili, upite kwanza ofisi ya serikali ya kijiji ukaombe ruhusa kama mgeni mwenye adabu. Usikate hata fimbo. Nunua asali kwa wenyewe, lipa bei wanayotaja, na uwaambie wabeja, yaani asante.