Vidole Vitano vya Mtani

Wahenga walisema, mzaha mzaha hutumbuka usaha. Methali hiyo niliifundisha darasani kwa miaka mingi, lakini aliyenifundisha mimi maana yake ni shabiki wa Yanga.

Simba na Yanga ni majirani. Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata ikazaliwa klabu iliyoitwa kwanza Queens, kisha Eagles, kisha Sunderland, na mwaka 1971 ikachukua jina la Simba. Makao ya moja yapo Mtaa wa Msimbazi, ya nyingine yapo Twiga na Jangwani, na yote yamo Kariakoo. Mtu anaweza kutoka huku akafika kule kwa miguu kabla jasho halijamtoka. Huku kwetu Mtwara tuko mbali nao zaidi ya kilomita 500. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji tulivushwa kwa pantoni, na masika barabara ilikatika kabisa. Sukari ilichelewa, magazeti yalichelewa, hata mishahara yetu ilichelewa. Bao la Kariakoo tu ndilo lililotufikia dakika ile ile, kwa Radio Tanzania.

Mwalimu mwenzangu, ambaye nyumba yake ilitazamana na yangu katika shule yetu ya kijijini, alikuwa Yanga. Mimi ni Simba. Mwaka 1968 Yanga ilikuwa imeifunga Sunderland mabao 5-0, na mwenzangu hakukubali jambo hilo lisahauliwe. Kila asubuhi alipopita mlangoni kwangu alinyoosha vidole vitano, bila kusema neno. Nikiwa nakunywa uji, vidole vitano. Nikiwa nasahihisha madaftari, vidole vitano. Nilivumilia, maana deni halilipwi kwa maneno.

Deni likalipwa tarehe 19 Julai 1977. Tulikuwa tumeanika betri za redio juani tangu mchana ili zipate nguvu. Simba ilishinda 6-0, na Abdallah Kibadeni peke yake akafunga matatu. Nilirukaruka kama mtoto. Kisha nikachukua chaki ya shule, nikavuka uwanja, nikachora mistari sita mikubwa juu ya mlango wa jirani yangu.

Hapa, msomaji, sina budi kusema kweli yote. Siku ile mwenzangu hakuwapo kwa sababu mkewe alikuwa amelazwa hospitali, hali yake ni mbaya. Nilijua. Chaki ilikuwa mkononi, furaha ilikuwa kichwani, nami nikachora. Alirudi usiku na taa ya chemli. Nilimwona kupitia dirishani akisimama mbele ya mlango kwa muda, kisha akachovya kitambaa majini akaifuta mistari mmoja mmoja. Hakuniambia kitu. Mkewe alipona, nikashukuru Mungu, lakini vidole vitano havikunyooshwa tena. Tukawa tunasalimiana kama watu wa ofisi mbili tofauti. Mara kadhaa nilikusudia kwenda kumwomba radhi, nikaishia uwanjani.

Mwanzoni mwa mwaka 1978 baba yangu alifariki. Mvua ilikuwa ikinyesha. Mtu wa kwanza kufika na jembe begani alikuwa yeye. Alichimba kaburi na vijana mpaka likakaribia kwisha. Kisha akaketi ukingoni, akalikumbatia jembe, akatangaza kwamba kazi imesimama mpaka mtoto wa marehemu alipe faini yake. Wazee wakatazamana. Kwa kabila sisi hatukuwa watani. Lakini wakaelewa, wakaniita. Nilipofika, alininyooshea vidole vitano.

Nilicheka, na papo hapo nikalia kilio ambacho kilikuwa kimenikwama kifuani kwa siku mbili. Nikatoa shilingi, akaipokea, akaendelea kuchimba. Jioni nilimwomba radhi kwa ule mlango. Akanijibu, "Mtani, kuchora si kosa. Kosa ulichora ukaenda zako kulala."

Maneno hayo nimeyachukua kuwa sheria. Timu hizi tunaziita watani wa jadi, lakini neno hilo tumelibeba nusu. Wazee wetu walijua kwamba mtani ana ruhusa ya kukuchokoza kwa sababu ndiye atakayekuzika. Ruhusa ile imenunuliwa kwa kazi. Anayetaka uchokozi bila kazi si mtani, ni mtukanaji tu. Nilipopewa shule nikiwa mwalimu mkuu sikuwakataza wanafunzi kutaniana. Niliweka sharti moja: atakayemtania mwenzake Jumatatu, Jumanne atamchotea maji. Kwa sisi ambao kisima kilikuwa mbali, sharti hilo lilitosha kuwafanya wapime maneno.

Mwenzangu alifariki miaka michache iliyopita. Nilikwenda kuchimba, ingawa mgongo haukubali tena, nikalikumbatia jembe kama alivyofanya yeye. Wanawe walilipa faini wakicheka na kulia.

Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga ilitufunga 5-1. Vijana hapa Mtawanya walipiga kelele mpaka usiku, na simu yangu ikajaa picha za kejeli kutoka kwa watu ambao wengine siwajui, wala wao hawanijui. Asubuhi niliamka mapema kuliko kawaida. Nikafungua mlango, nikaketi barazani na uji wangu, nikatazama njia. Watu walipita wakienda shambani, wakanisalimu shikamoo kwa adabu, wakaendelea na safari zao.

Kufungwa matano nimekuzoea tangu ujana. Kufungwa matano bila mtani wa kupita mlangoni, huko sikukuzoea.