Ingekuwa Mbaya Zaidi

Ubishi wote ulitokana na video ya dakika mbili. Ndani yake kuna faneli kubwa ya chuma, imesimama kwenye shamba la matunda huko ng'ambo, mdomo wake umeelekezwa mawinguni. Inalipuka, buum. Baada ya sekunde chache, buum tena. Jamaa mwenye sauti nzito anaeleza kwa Kiingereza kwamba mtikiso wa mlipuko huvunja mvua ya mawe kabla haijawa mawe. Ni hayo tu. Video ilizunguka Konoin yetu, kaunti ya Bomet, kutoka simu hadi simu, na haikuchukua muda akatokea mtu mwenye shati safi na kitabu cha risiti, akasema mashine kama ile inaweza kuletwa kwetu mradi kila mwenye chai atoe shilingi elfu mbili na mia tano.

Nilikuwa nimeenda nyumbani wiki hiyo, na kwetu mahali pa kubishana ni kituo cha kuuzia chai. Majani yamechumwa, yamepangwa kwenye magunia, lori la kiwanda limechelewa kama kawaida, na watu thelathini hawana la kufanya ila kungoja. Hapo ndipo swali la kama iPhone inashinda Samsung huamuliwa, na kama mtu kweli alifika mwezini, na kama kuacha simu kwa chaji usiku kucha kunaua betri. Mara nyingi hakuna anayepoteza chochote. Safari hii kulikuwa na elfu mbili na mia tano.

Wewe wa Nairobi unayeijua mvua ya mawe kama kitu cha kupiga picha na kuweka status, wacha nikueleze. Dakika kumi zinatosha. Majani yanatoboka na kuchanika, vichipukizi vinakatika, na asubuhi shamba linanuka kama mtu amelikatakata kwa panga. Badala ya kurudi kwenye mstari baada ya wiki moja au mbili, unangoja kichaka kianze upya. Wiki hizo hakuna kilo. Bila kilo hakuna malipo ya mwezi, na bonasi ya mwisho wa mwaka inapungua pia, kwa sababu nayo huhesabiwa kwa kilo. Ada ya shule haijui mambo ya mawingu.

Na sisi hupigwa sana. Vitabu vya rekodi za dunia vimekuwa vikiitaja Kericho kwa siku 132 za mvua ya mawe kwa mwaka. Si kwamba shamba moja hupigwa mara zote hizo. Mvua hii huanguka kwa vipande: inachapa upande huu wa mto, ng'ambo ya pili watu wanaanika mahindi. Shika hilo, tutalihitaji.

Sababu yake si siri. Mchana upepo hutoka Ziwa Victoria ukiwa na unyevu, unapanda kuelekea mashariki, unakutana na upepo mwingine unaotoka upande wa pili, na kwa kuwa umebanwa na milima hauna pa kwenda ila juu. Kericho tayari iko mita elfu mbili na zaidi juu ya bahari, kwa hivyo wingu halisafiri mbali kabla ya kufika kwenye baridi ya kugandisha. Ndiyo maana alasiri, ikifika saa tisa au saa kumi, mtu wa kwetu akisikia ngurumo hutazama chai kwanza, kisha nguo kwenye kamba.

Sasa ubishi. Binamu yangu, aliye chuo kikuu, alisema mashine ile ni ukora mtupu. Kugo akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kijana wangu, hapa Kericho walipiga mawingu kwa roketi. Mimi nilikuwepo." Binamu hakumjibu Kugo, huwezi kumjibu Kugo hivyo, lakini alinigeukia akaninong'onezea, "Stori za jaba hizo." Akatoa simu, akauliza ile programu yake ya akili bandia kama mizinga ya kuzuia mvua ya mawe inafanya kazi. Ikamjibu kwamba hakuna ushahidi wa kisayansi. Akaisoma kwa sauti.

Jirani yetu mmoja mama, mwenye bando na hasira, akauliza swali lake kwa simu yake: je, zamani walijaribu kuzuia mvua ya mawe Kericho? Ikamwambia ndiyo, miaka ya 1960. Naye akaisoma kwa sauti. Kituo kizima kikapiga kelele kama vile Gor imefunga bao. Simu mbili, majibu mawili, na yote mawili ni kweli. Nimewahi kuona watu wakigombana kwa sababu mmoja anadanganya. Hawa waligombana kwa sababu kila mmoja aliuliza kitu kingine.

Kwa maana Kugo hakuwa anaota. Katika miaka ya 1960 kulikuwa na majaribio ya maroketi ya kulipuka kwenye mashamba makubwa ya chai ya Kericho, na mtaalamu wa hali ya hewa aliyeitwa Sansom akaandika matokeo yake. Karibu wakati huohuo, kuanzia 1967, zikaja ndege. Hizo hazikulipua kitu. Zilitoa moshi wa iodidi ya fedha ndani ya mawingu, kazi iliyoendelea kwa miaka mingi. Kijana wa miaka kumi na saba aliyekuwa akisukuma matoroli ya majani wakati huo aliyaona haya kwa macho yake, na leo mjukuu wake anaambiwa na simu kwamba anaongea ndoto.

Iodidi ya fedha ina hadithi yake. Maji hayagandi tu kwa sababu yamefika nyuzi sifuri. Tone dogo safi la wingu linaweza kubaki maji hata kwenye baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri, likingoja kitu cha kushikilia, punje fulani ambayo barafu inaweza kuanzia. Mwaka wa 1946 Mmarekani Bernard Vonnegut aligundua kwamba chembe za iodidi ya fedha zinafaa sana kwa kazi hiyo. (Ndiyo, ni kaka yake yule Kurt, mwandishi wa riwaya.) Wazo la ndege ni hili: ukiongeza punje nyingi, maji yaleyale yanagawanywa kwa mawe mengi madogo badala ya machache makubwa, na madogo huyeyuka njiani. Kwa karatasi inapendeza. Kwa wingu lenye kilomita kadhaa za upepo unaopanda na kushuka, ni vigumu kujua umefanya nini.

Kisha kuna sehemu ambayo niliisoma usiku huo nikacheka peke yangu. Mwanasayansi Russell Schnell alichukua takataka za majani ya chai kutoka Kericho, zile zilizooza chini ya vichaka, na mwaka wa 1982 yeye na Suan Tan-Schnell wakachapisha kwamba vumbi lake lina viini vinavyogandisha maji kwenye baridi kidogo tu. Bakteria wanaoishi kwenye majani wanaweza kufanya kazi ya iodidi ya fedha, bure, bila ndege. Swali likawa: je, wachumaji wanapopita katikati ya mistari wakikanyaga na kutimua vumbi lile, wanalipeleka mawinguni?

Kesho yake niliwasimulia kina mama kituoni. Mmoja akasimama, akatazama gambuti zake, akasema, "Kwa hivyo ni sisi tunajinyeshea?" Walicheka mpaka lori likafika. Nikawaambia polepole: aliyoyaonyesha ni kwamba vumbi hilo linaweza kugandisha maji. Kwamba ndilo linaleta mvua ya mawe Kericho, hiyo ni hatua nyingine, na ndefu. Lakini enyewe napenda kwamba swali kama hilo liliulizwa kwetu, kwa majani yetu, na bado hatufundishwi shuleni.

Turudi kwa yule wa risiti. Alikuwa mjanja, au bahati ilimjia. Alipomsikia Kugo alikuwa wa kwanza kusema, "Mzee amesema ukweli!" Na kutoka hapo akajenga: kama Wazungu wenye pesa zao walipiga mawingu, wangepoteza pesa bure? Watu wakatikisa vichwa. Hapo ndipo niliona hatari yenyewe. Binamu, kwa kumkatalia Kugo jambo ambalo kweli lilitokea, alimpa yule jamaa ushindi wa bure. Kila mtu alijua Kugo si mwongo, basi ikawa kama mashine nayo si uongo.

Ile faneli ya video ina umri kuliko chai ya Kenya. Mwaka wa 1896 huko Austria, Albert Stiger, meya na mkulima wa zabibu, aliweka mizinga ya namna hiyo kuzunguka mashamba yake. Mwaka huo mvua ya mawe haikuja. Uliofuata pia haikuja. Unaweza kukisia kilichofuata: kufikia 1900 mizinga ilikuwa kwa maelfu mpaka Italia. Kisha mvua ya mawe ikarudi, ikaharibu zabibu mizinga ikiwa inalia. Serikali zikafanya majaribio, na baada ya miaka michache watu wengi wakaiacha. Ngurumo ya radi, fikiria, ni mlipuko mkubwa kuliko wowote wa faneli, na iko ndani ya wingu lenyewe. Kama kelele ingezuia mawe, radi ingekuwa imemaliza kazi.

Mama yangu huandika. Ana daftari la kilo alizouza, na siku ya mvua ya mawe huchora msalaba mdogo pembeni. Tulilifungua mezani. Kuna mwaka una misalaba minne. Uliofuata hauna hata mmoja. Kisha miwili, kisha mmoja, kisha mwaka mwingine mtupu. "Sasa," nikamuuliza, "kama mashine ingeletwa mwanzo wa huu mwaka mtupu, ungesema nini?" Akanyamaza kidogo. "Ningesema imefanya kazi," akasema. "Ningewaambia hata watu wa kanisani."

Njia ya kujua ipo, ila ni chungu. Kila siku wingu baya likija, unapiga kura: sarafu ikianguka upande huu unapiga mzinga, upande ule unaliacha lishuke. Fanya hivyo kwa miaka, kisha linganisha. Huko Uswisi walifanya jaribio la aina hiyo kwa miaka mitano, 1977 hadi 1981, wakitumia maroketi ya mtindo wa Kisovieti, na mwishoni hesabu haikuonyesha kwamba mawe yamepungua. Ndege za Kericho hazikupigiwa kura. Kila wingu la hatari lilifukuzwa, na waliofukuza wakaripoti kwamba hasara ilipungua. Siwalaumu sana. Ni mwenye chai gani angekubali siku ya sarafu kuanguka vibaya?

Jioni hiyo nilimpelekea Kugo chai, nikamuuliza kuhusu maroketi. Akaeleza moshi, harufu, watoto waliokimbilia mabaki. Akasema mawe mengine yalianguka yakiwa laini, kama ugali uliokosa unga. Nikamuuliza kama kuna siku walipiga na mvua ya mawe ikanyesha tu, ngumu, ya kawaida.

"Mara nyingi," akasema.

"Na walisema nini?"

"Walisema ingekuwa mbaya zaidi."

Akanywa chai yake. Sikuona kama alikuwa anawacheka au anawatetea, na sikuuliza.

Mchango ulikuwa Jumamosi. Binamu alikuwa amerudi chuoni, akituma viungo vya makala ambazo hakuna aliyezifungua. Mama alikuwa ameelewa yote, daftari, sarafu, Austria, aliweza hata kumweleza jirani vizuri kuliko mimi. Kisha akaniomba nimtumie elfu moja kwa M-Pesa.

"Mama, si tumeongea?"

"Tumeongea," akasema. "Na nisipotoa, halafu mvua ipige kwa hao wengine iruke kwangu? Utakuja kunitetea kutoka Nairobi?"

Nikamtumia. Akapeleka elfu moja badala ya elfu mbili na mia tano, akaambiwa alete salio kabla ya mwezi kuisha, na akapewa risiti. Ameiweka ndani ya daftari, kwenye ukurasa wa mwaka huu. Kufikia sasa una msalaba mmoja.