Kuwepo si Kuwa Kazini

Wasee, maabara imenifunza kitu: protini kuwa ndani ya seli haimaanishi iko kazini.

Chukua ERK, inayosaidia kupitisha ujumbe wa kuambia seli ikue na igawanyike. Mara nyingi iko tu hapo, imetulia. Kwa binadamu, ERK1 huwashwa ikibandikwa fosfeti mbili: moja kwenye threonini ya 202, nyingine kwenye tirosini ya 204. Kuna kingamwili zimetengenezwa kushika ERK yenye alama hizo tu. Kwa utafiti wa melanoma, saratani ya ngozi, ndizo husaidia kujua kama dawa imezima njia hiyo ama bado inawaka.

Lakini mimi siamini mstari mmoja mweusi kwenye picha. Nataka kuona ERK yote, iliyowashwa na isiyowashwa. Mstari ukififia, ni protini imezimwa ama imepungua tu? Nataka pia sampuli iliyotolewa fosfeti kwa kimeng'enya. Mstari ukibaki hapo vile vile, basi kingamwili yako inashika kitu kingine.

Tukifanya projekti ya mwaka wa mwisho, mwenzangu alisema huko ni kuharibu pesa. Namuelewa. Kachupa kadogo kanatoka ng'ambo, kanataka baridi, na bei inauma. Lakini kujenga miaka ya utafiti juu ya jibu la uongo ni hasara kubwa zaidi, na mgonjwa ndiye atailipa.

Kwa hivyo ukionyeshwa matokeo masafi, usipige makofi kwanza. Uliza: ulilinganisha na nini?