Nilimsifu Marehemu kwa Kazi ya Mwingine

Niseme bila kuzunguka: niliwapotosha wasikilizaji wangu, na nilipogundua nikanyamaza. La kwanza lilikuwa uzembe. La pili lilikuwa woga, na ndilo linalonifanya niandike.

Nilikuwa nikiendesha kipindi cha usiku cha muziki wa zamani redioni. Usiku mmoja nikapiga Jumpin' at the Woodside ya bendi ya Count Basie, nikatangaza kwa madaha kwamba hiyo ni rekodi ya mwaka 1938. Ilipofika zamu ya saksofoni nikaushusha muziki kidogo ili nisikike: "Huyo ndiye Lester Young. Sikiliza anavyopuliza bila papara." Nikajiona mjuzi.

Kipindi hakijaisha, ukaingia ujumbe kwenye simu ya studio kutoka kwa mzee mmoja, msikilizaji wetu wa siku nyingi: "Mwanangu, hiyo ni stirio. Mwaka 1938 santuri ya stirio ungeinunua duka gani? Huyo unayemsifu, siku hii iliporekodiwa alikuwa kaburini."

Nikamjibu, "Shikamoo mzee, asante, nitafuatilia." Kufuatilia kwenyewe hakukuchukua hata dakika. Ganda la CD lilikuwa na picha ya Basie akiwa kijana, ndiyo iliyonihadaa. Lakini ndani, chini kabisa ya ukurasa wa mwisho wa kijitabu, kwa herufi ambazo nilizisogeza kwenye taa ndipo nikazisoma, paliandikwa 1960. Lester Young alifariki New York Machi 1959.

Hayo yote nilipaswa kuyajua. Rekodi ya kwanza ya wimbo ule ilifanywa New York tarehe 22 Agosti 1938 kwa kampuni ya Decca, na jina lake lilitokana na hoteli ya Harlem ambako wanamuziki walikuwa wakifikia. Upande mmoja wa santuri ya siku zile ulibeba kama dakika tatu tu, kwa hiyo kila mpigaji alipewa nafasi finyu aseme lake na kumpisha mwenzake. Buck Clayton anapuliza tarumbeta, Lester anafuata na saksofoni, na mwishoni Herschel Evans, aliyezoeleka kwenye saksofoni, anashika klarineti. Evans alifariki Februari 1939, miezi michache baadaye. Nyuma yao Jo Jones anayachezea matoazi kwa mguu na fimbo, Walter Page yuko kwenye besi na Freddie Green kwenye gita. Bendi hiyo ilitoka Kansas City, na nyimbo zake nyingi hazikuandikwa kwanza. Mmoja alibuni kipande kifupi, wenzake wakakidaka na kukirudia mpaka kikawa wimbo.

Basie aliivunja bendi yake kubwa mwaka 1950, akaunda nyingine mwaka 1952. Hii ya pili ilikuwa ya wasomaji hodari wa nota, yenye mipangilio iliyoandikwa na watu kama Neal Hefti na Frank Foster. Mwaka 1960 ikazirudia nyimbo za zamani kwa kampuni ya Roulette, safari hii kwa stirio, na Sonny Payne ndiye aliyekaa kwenye drams. Rekodi za awali zilikuwa mali ya Decca, kwa mkataba ambao Basie aliujutia: pande 24 za santuri kwa dola 750, bila mrabaha. Aliyetaka kumuuza Basie chini ya nembo yake mwenyewe ilimbidi amrekodi upya.

Kilichonipoteza zaidi ni gita. Freddie Green alijiunga na Basie mwaka 1937 na yumo katika rekodi zote mbili, akikata mapigo manne yaleyale. Nililitambua gita, nikadhani nimewatambua wote.

Wiki iliyofuata nilikuwa na nafasi ya kusahihisha. Nilikuwa na maikrofoni, nilikuwa na muda, na mzee bila shaka alikuwa anasikiliza. Nikapiga Ella Fitzgerald na bendi ya Chick Webb, nikapita kando kana kwamba hapakutokea kitu. Nilijiambia kwamba kati ya wasikilizaji wangu ni mmoja tu aliyejua. Hesabu ya aibu hiyo! Aliyejua hakuhitaji kusahihishwa. Waliohitaji ni wale wasiojua, walioniamini.

Nami nisingemvumilia mtu kwa kosa hilo upande wa muziki wetu wa dansi. Mtu akimsifu Marijani Rajab kwa wimbo uliorudiwa na mwimbaji mwingine, ningemkatiza palepale. Lakini bendi ya Wamarekani weusi wa miaka ya 1930 nikaichukulia kama picha ya ukutani, isiyohitaji kuulizwa ni nani hasa waliomo. Huko ni kuwavunjia heshima watu wawili kwa mara moja: Lester, niliyembebesha pumzi isiyo yake, na yule aliyepuliza katika rekodi niliyoipiga usiku ule, ambaye jina lake sikulitafuta hata nilipokwisha kujua kwamba si Lester.

Basi nasahihisha leo, kwa kuchelewa. Mliyoisikia kwenye kipindi changu ilikuwa bendi ya 1960, nayo ni bendi nzuri kwa sifa zake yenyewe. Itafuteni na ile ya Agosti 1938, mzisikilize zikifuatana. Ya zamani ina mikwaruzo na sauti yake yote inatoka mahali pamoja. Ya baadaye ni safi, imegawanyika kati ya spika mbili, na tarumbeta zake zinagonga kwa pamoja kwa nguvu kubwa zaidi. Msikilizaji makini hahitaji mtangazaji amwambie ipi ni ipi.

Kwa wenzangu wenye maikrofoni nina ombi moja: someni tarehe ya kurekodiwa na majina ya wapigaji kabla ya kufungua kinywa, na mkikosea, sahihisheni hewani palepale mlipokosea. Na kwako mzee uliyeniandikia: ulikuwa sahihi, na nilijua usiku uleule. Nisamehe.