Gololi Nane na Mashimo Tisa

Miongoni mwa mambo ambayo wazee wengi huyadharau ni michezo ya watoto wao. Mtu humwuliza mwanawe amesoma nini chuoni na amekula nini mchana, lakini hamwulizi amecheza nini, na nani, na kwa sharti gani. Nasi tunaofundisha watoto kwa miaka mingi twaona kuwa mtoto hupata tabia nyingi mchezoni kabla ya kuzisikia kwa mwalimu wake. Mchezoni ndipo anapojua kungoja zamu, kushindwa bila ya kununa na kushinda bila ya kujigamba. Na papo hapo ndipo anapoweza kujua hila na tamaa ya mali ya mwenziwe.

Katika mtaa wetu mchezo unaopendwa zaidi na wavulana ni gololi. Mchezo wenyewe hauna ubaya: una shabaha, una utulivu wa mkono, na hauna gharama kubwa. Ubaya umo katika sharti moja mashuhuri, nalo ni kuwa mwenye kuipiga gololi ya mwenziwe huichukua ikawa yake. Watoto huita jambo hili kula na kuliwa, na majina hayo yatosha kuonyesha hali ilivyo. Mali ya mmoja yaingia mkononi mwa mwingine bila ya kununuliwa wala kutolewa kwa hiari, bali kwa shindano ambalo kila mmoja ameweka chake hatarini. Hii ndiyo sura ya kamari iliyokatazwa katika Suratul Maida, aya ya 90, ijapokuwa kinachochezewa ni kipande cha kioo.

Wala asidhani mtu kuwa twalikuza jambo dogo. Mtoto mmoja wa miaka tisa aliliwa gololi zaidi ya arubaini katika wiki moja. Alipokwisha gololi alitaka kuzirudisha, na ili azirudishe ilimpasa kununua nyingine. Basi akatoa fedha katika fungu la mamake lililowekwa kwa ajili ya upatu. Mama alipohesabu akaona pungufu, mambo yakafumuka. Nyumba ya mtoto aliyeliwa na nyumba ya mtoto aliyekula zimepakana ukuta kwa ukuta, na mama zao walikuwa wakiazimana chumvi na kinu. Siku hiyo walikuja kwetu wote wawili, kila mmoja akitaka mtoto wa mwenziwe atiwe adabu.

"Maalim, mwanangu hakuiba," alisema mmoja. "Ameshinda mbele ya watu."

"Ameshinda mtoto, lakini fedha ni yangu," akajibu wa pili.

Tangu siku hiyo chumvi haikuvuka ukuta.

Ingekuwa wepesi kuamrisha kwamba asionekane mwanafunzi yeyote na gololi. Lakini mwenye kulea anajua kuwa mtoto akinyang'anywa mchezo asipewe mwingine, huufuata ule ule nyuma ya nyumba mahali asipoonekana. Imepokewa kuwa Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na wanasesere wake akicheza nao na wenziwe, na Mtume (S.A.W.) hakumkataza. Basi twaliona inapasa kutengeneza mchezo wa gololi ulio safi, unaochezwa mezani au mkekani ndani ya nyumba, na ambao mtoto, mama na bibi wote wataweza kuucheza pamoja.

Kabla ya kutengeneza kipya twalitazama vilivyopo. Bao letu la pwani ni mchezo wa akili nyingi, lakini lina mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi. Sheria zake humchosha mtoto kabla hajaonja utamu wake. Upo mchezo wa ubao wenye mashimo 33 na gololi 32, ambapo gololi huruka nyingine na iliyorukwa hutolewa mpaka ibaki moja. Mchezo wa namna hiyo ulijulikana Ufaransa tangu 1697 au kabla yake. Ni mzuri, lakini ni wa mtu mmoja peke yake, na sisi twataka watu wakae pamoja. Upo pia ubao wa nyota ya ncha sita wenye mashimo 121, ambao watu huuita wa Kichina, kumbe ulitolewa Ujerumani mwaka 1892. Huo hukalisha watu sita, lakini mtoto mdogo huchoka njiani kwa kungoja zamu yake.

Baada ya kufikiri twaliweka masharti manne. La kwanza, gololi ziwe mali ya ubao wala zisiwe za mchezaji, hata mchezo ukiisha zote zirudi mkebeni kwa hesabu ile ile. La pili, pasiwe na dadu, kwani wanavyuoni wengi wameikataza, na tena mtoto akishindwa na dadu hajifunzi kitu. La tatu, sheria ziweze kuelezwa kabla chai haijapoa. Na la nne, ambalo ndilo gumu kuliko yote, mwenye nguvu asimshinde dhaifu kwa sababu ya nguvu zake tu.

Fundi seremala wa mtaani alitupa ubao wa mvule wenye urefu wa sentimita 60 na upana wa sentimita 40. Twaliulainisha kwa msasa, tukaupigilia kingo pande zote nne, kimo cha sentimita 2, ili gololi isianguke. Kisha tukatoboa kwa keekee mashimo tisa, safu tatu za mashimo matatu matatu, safu ya kwanza ikiwa sentimita 30 kutoka kwa mchezaji, ya pili 40, na ya tatu 50. Gololi za kawaida zina upana wa milimita 16, basi shimo tulilipa upana wa milimita 12 na kina cha milimita 4. Shimo la namna hiyo haliimezi gololi bali huikalisha. Inayokuja polepole hutulia, na inayokuja kwa kasi hulipita. Mwisho wa ubao, upande wa mbali, tukaweka kabari ya sentimita 4 chini yake, ili ubao upande kidogo. Kwa hiyo gololi isiyopata shimo hupunguza mwendo, husimama, kisha humrudia mwenyewe. Hapana haja ya mtu kutambaa chini ya meza kuitafuta.

Jaribio la kwanza lilikuwa kufyatua kwa kidole, kama wafanyavyo watoto mchangani. Mvulana wa miaka kumi na miwili akawashinda wote. Dada yake wa miaka sita gololi yake haikufika hata safu ya pili, na bibi mmoja wa jirani, ambaye mkono wake hutetemeka, alicheza mara mbili akasema amechoka. Hakuwa amechoka. Mtu mzima hapendi kuonekana dhaifu mbele ya wajukuu.

Dawa yake ilikuwa kipande cha mwanzi. Twaliupasua katikati ukawa mfereji wa sentimita 30. Ncha moja tukaichonga ikae sawasawa na ubao, na ncha ya pili tukaiinua juu ya kibao kwa kimo cha sentimita 8. Mchezaji huiweka gololi ndani ya mfereji na kuiachia tu. Haisukumi. Gololi iliyoachiwa katika alama ile ile hushuka kwa mwendo ule ule, ikiwa imeachiwa na mkono wa baharia au wa kitoto cha chekechea. Na ikianza kupanda ubao, hufika karibu na kimo ilichotokea, ikipungua kidogo tu kwa kusuguana. Jambo hili si geni: mtaalamu wa Italia, Galileo, aliviringisha mpira wa shaba katika mfereji wa ubao ulioinama ili apime mwendo wake, na kitabu chake cha habari hizo kilipigwa chapa mjini Leiden mwaka 1638. Tuliachia gololi mara nyingi, tukatafuta mahali pa kuifikisha kila safu, tukatia alama tatu kwenye mwanzi. Alama hizo tulizichonga kwa kisu wala hatukuzipaka rangi, ili asiyeona vizuri azipapase kwa kidole.

Sheria ni hizi. Wachezaji ni wawili, au makundi mawili, na kila upande una gololi nne za rangi yake. Mchezaji huachia gololi moja kwa zamu, naye ana ruhusa ya kuuelekeza mwanzi apendako. Ikitua shimoni, imekaa. Isipotua, huirudisha mkononi akangojea zamu nyingine. Ikiigonga gololi ya mwenziwe ikaitoa shimoni, ile iliyotoka humrudia mwenyewe, wala haichukuliwi na mtu. Wa kwanza kupata tatu katika mstari mmoja, wima au mlalo au mshazari, ndiye mshindi. Aliyezikalisha zote nne bila ya kupata mstari, zamu yake ikija huinua moja aipendayo akaiachia upya. Kwa kuwa gololi ni nane na mashimo ni tisa, daima liko shimo moja wazi, na mchezo haukwami. Mtoto asiyetimia miaka saba hupewa majaribio mawili kwa kila zamu, na jambo hili husemwa wazi kabla ya kuanza. Kwani mtu mzima ajifanyaye kushindwa kwa makusudi humfundisha mtoto uongo, na watoto wengi hulitambua.

Mzee mmoja wa msikitini alipouona ubao barazani kwetu alituuliza, "Maalim, chuo na gololi wapi na wapi?" Tukamjibu kuwa haufunguliwi saa za masomo, na adhana ikisikika gololi hurudi mkebeni hata kama mtu amebakisha moja kushinda. Akasimama akatazama. Kisha akaomba mwanzi. Alijaribu alama ya tatu mara sita na haikutua hata moja, kwani alilenga moja kwa moja juu ya mashimo ya mbele, na gololi ikayagonga ikapotea njia. Mtoto wa miaka minane akamwonyesha kuwa safu ya nyuma huendewa kwa kupita katikati ya mashimo. Hatukusikia tena swali lile.

Lakini jambo tulilokusudia kuwahadithia hasa ni hili. Yule bibi wa jirani, ambaye ni bibi wa mtoto aliyekula, alirejea kucheza baada ya kusikia habari za mwanzi. Mkono si kitu tena, lakini macho yake ni mafifu, na mashimo ya mbali hayaoni. Mchezaji mwenzake siku hiyo alikuwa yule mtoto aliyeliwa, yule wa fedha za upatu. Palikuwa hapana mwingine wa kumwambia bibi gololi zimekaa wapi ila mtoto huyo huyo anayeshindana naye.

"Yako ya pili imekaa wapi, mjukuu wangu?"

"Ya katikati kabisa, bibi. Ukiachia alama ya pili sawasawa, utaniondoa."

"Basi wanifundisha kukushinda?"

"Umeniuliza, bibi."

Bibi akapapasa alama ya pili, akaachia, akamwondoa. Na zamu mbili baadaye akapata mstari wake. Mtoto akazihesabu gololi nane, akazitia mkebeni, akamwuliza kama atarudi kesho. Hatukumsifu mbele ya watu, maana sifa huharibu jambo kama hilo. Lakini twalijua kuwa tumeona amana ikirudi mahali pake, na kuwa hapana khutuba yetu iliyoifanya kazi hiyo.

Hatudai kuwa watoto wameacha kula na kuliwa. Wapo wanaoendelea, nasi twaendelea kuwakataza. Wala wale mama wawili hawakupatana kwa siku moja. Ila ubao ukawa waazimwa nyumba hadi nyumba, na jioni moja mama wa mtoto aliyeliwa alikuja kuutaka kwa ajili ya wageni wake. Tukamwambia hauko kwetu, uko kwa jirani yake. Alisimama kidogo mlangoni, akajifunga kanga yake vizuri, akaenda kubisha hodi mwenyewe.

Basi, enyi wazee, mwenye kutaka na atengeneze. Fundi yeyote aweza kuufanya, na pasipo mvule ubao wowote ulionyooka wafaa. Tunawausia mambo mawili. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu asiachiwe gololi hata moja, kwani huzitia mdomoni zikamkwama kooni. Basi zihesabuni nane kila mchezo ukiisha. Na la pili, msiuweke ubao mbele ya watoto mkaenda zenu. Kaeni mcheze. Mtoto aliyezoea kushindwa na babake kwa haki, na kumshinda kwa haki, ni mwepesi kuja kumwambia siku atakapofanya kosa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.