Simbakubwa? Hapa Majengo Twasema Simba Mkubwa

Tuanze na ngeli, najua wengi mwazichukia. Simba ni mnyama, kwa hivyo ni simba mkubwa. Sema "simba kubwa" mbele ya nyanyangu hapa Majengo uone kama utamaliza sentensi.

Sasa kuna mnyama ambaye wanasayansi dunia nzima wamjua kwa jina Simbakubwa kutokaafrika. Wallahi sijalitunga mimi! Mifupa yake ilichimbuliwa Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya, ikakaa miaka na miaka ndani ya droo kwenye makumbusho ya Nairobi. Mtafiti Mmarekani, Matthew Borths, akaivuta ile droo, akaona taya na meno ya ajabu. Mwaka 2019, yeye na Nancy Stevens wakampa jina.

Huyu jamaa aliishi kama miaka milioni 22 iliyopita. Yakadiriwa alifika ukubwa wa dubu mweupe wa kule kwenye barafu, au zaidi. Na kumbe hata si simba! Ni wa kundi la haiyenodonti, wala nyama wa kale walioisha wote bila kuacha kizazi.

Wale mlionitumia video ya pengwini wa kale wa New Zealand, yule wa kilo kama 150: naye aitwa Kumimanu, jina la Kimaori. Si kumi ya kuhesabu. Kwao kumi ni dubwana la hadithi, manu ni ndege. Yaani lugha za watu kama sisi zimeingia kwenye vitabu vya sayansi, na jina likishachapishwa, halibadilishwi kwa sababu ya ngeli.

Ngeli haziniudhi sana. Kinachoniuma ni hiki: mifupa yetu, droo iko kwetu, jina la lugha yetu, lakini aliyeivuta droo alitoka mbali. Sisi tulikuwa wapi?

Mimi chuo niliacha, karo ilinishinda. Wengi wetu hatukukosa hamu, tulikosa nauli ya kufika kwenye hiyo droo. Ndiyo maana nikisikia mtu asema "sayansi ya mifupa si ya watoto wa Majengo" nachemka. Si yetu vipi, na jina ni letu?

Kwa hivyo wewe uliye kidato cha pili na wapenda baiolojia, usiiache. Mifupa ingali mingi ardhini na kwenye makabati. Siku ukigundua mnyama wako mpe jina la Kiswahili.

Ila pitia kwa nyanyangu kwanza, akukague ngeli.